Ulinijibu Kabla Sijakuuliza

Mwezi ukishakuwa mpana juu ya ziwa, simu yangu huanza kuita. Wavuvi wa dagaa ni watu wa giza: taa zao haziwezi kushindana na mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki. Basi kila mwezi, kwa siku kadhaa, kambi za visiwani hulala, nyavu hushonwa, na vijana huvuka kuja mjini na hela ya mgao. Wengi huenda kwa familia zao, wengine baa. Wachache, mmoja mmoja, wakigeuka nyuma kutazama kama kuna anayewajua, hupanda ngazi za jengo nilikopanga chumba hapa Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka soko la samaki la Mwaloni, na kugonga mlango wangu.

Mmoja wao alikuja miaka mitano iliyopita. Kijana wa miaka 27, mabega mapana, viganja vimechanwa na kamba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Tukasalimiana, mwangaluka, habari za kambi, habari za upepo. Kisha akasema, "Mdogo wangu alizama mwezi wa pili. Tumbo moja. Alikuwa amekaa kwenye nafasi yangu, mimi nilikuwa naumwa malaria." Akanyamaza.

Nilihesabu ukimya ule kwa pumzi zangu mwenyewe. Chini mtaani mtu alikuwa anapiga kelele za abiria wa Igoma. Sikufika mbali. Nikamwambia pole sana, mwanangu, usijilaumu, ni mipango ya Mungu, ugonjwa haukuwa kosa lako, hata wewe ungeweza kuondoka. Maneno mazuri yote. Nikamweleza na hatua za msiba jinsi nilivyozisoma. Akaitikia kila neno kwa kichwa, akasema, "Asante, mama," akaacha hela mezani, akaondoka kabla saa haijaisha. Nilifunga daftari nikiamini nimemsaidia.

Ilichukua miezi minne kujua nilichokuwa nimefanya, nami nitafika huko. Watu ninaowaeleza hapa wamekubali niwaeleze, na mambo yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha.

Kibao cha mlangoni kwangu kimeandikwa Mshauri Nasaha. Neno hilo limeniletea wateja na limenipa kazi ngumu kwa wakati mmoja, kwa sababu kwetu ushauri ni kitu kinachotolewa. Anatoa shangazi, anatoa mzee wa kanisa, anatoa mwenyekiti wa mtaa. Unakwenda na shida, unaondoka na neno. Mtu akipanda ngazi zangu, amelipa nauli ya daladala au ya boti, amefunga genge lake nusu siku, naye anataka neno lake. Nilipokuwa chuoni walitufundisha kwamba mnasihi, yaani mshauri nasaha, hampi mtu majibu, anamsaidia kuyapata. Nilikariri na nikafaulu mtihani. Lakini siku mtu ameketi mbele yako amevunjika, mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa majibu.

Njia ninayofuata inaitwa unasihi jumuishi. Maana yake sikushikamana na shule moja ya tiba ya mazungumzo. Kwa Carl Rogers, Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 kuhusu mambo yanayotosha kumfanya mtu abadilike, nilichukua msingi: mnasihi awe mkweli asivae sura, amkubali mtu bila masharti, na aingie kwenye dunia yake kana kwamba ni ya kwake, bila kusahau hilo "kana kwamba". Kwa Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia aliyeanza kuijenga tiba yake miaka ya 1960, nilichukua namna ya kulikamata wazo linalopita haraka kichwani na kuliuliza ushahidi wake. Na kwa wale waliomfuata Freud, nilichukua subira ya kutazama nyuma, utotoni, pale ambapo hofu nyingi zilijifunza kuongea. Nilidhani ujumuishi ni kuwa na zana nyingi. Nikawa kama fundi anayeingia nyumbani kwa mtu na sanduku zima, akaanza kufungua bomba kabla hajaulizwa panapovuja wapi.

Aliyenionyesha hilo ni msimamizi wangu. Kila mnasihi anayefanya kazi kwa uadilifu ana mtu wa kumpelekea mzigo wake. Mimi nina mama mmoja mtu mzima, tunaonana mara mbili kwa mwezi. Nilimsimulia habari ya yule mvuvi kama mafanikio. Akaniuliza swali moja: "Aliponyamaza, wewe ulisikia nini?" Nikataka kujibu, sauti ikakataa.

Nilisikia nyumba yetu. Nilikuwa na miaka 11 baba yangu mdogo alipozama akitoka Ukerewe. Alikuwa ndiye anayenibeba mabegani. Walipoleta habari, wakubwa walinyamaza siku nzima, na nilipoanza kulia shangazi akaniziba mdomo kwa kiganja, si kwa ukatili, akanong'ona kwamba baba hajaambiwa bado. Nilibaki na kilio kile. Zaidi ya miaka thelathini baadaye kijana ananyamaza mbele yangu kwa habari ya maji, na mimi nakimbia kuziba ule ukimya. Yule niliyekuwa namwambia usijilaumu, ni mipango ya Mungu, alikuwa mtoto wa miaka 11. Mvuvi alikuwa ameketi tu hapo katikati.

Baada ya hapo nilirudi kwenye kiti cha mteja mimi mwenyewe, kwa mnasihi mwingine, miezi saba. Sitayaeleza yote. Nasema tu kwamba anayesikiliza maumivu ya watu bila kuwahi kuketi upande wa pili, kuna mahali atakwama, na mteja ndiye atakayelipa.

Nimweleze sasa mama mmoja muuza dagaa, maana kwake ndiko nilikoielewa kazi yangu.

Alikuja na bahasha ya kahawia yenye majibu ya hospitali. Mara tatu alikimbizwa usiku akiamini moyo unasimama. Kifua kinabana, pumzi haitoshi, ganzi midomoni na vidoleni, jasho. Walimpima presha, walimfunga nyaya kifuani, walimpima damu. Kila mara jibu ni moja, mama huna tatizo. Aliniambia kwa uchungu: "Dada, ningekuwa na ugonjwa ningepata nafuu. Sasa hivi hata nyumbani wanasema najifanya."

Nilianza na mwili, kwa sababu mwili ndio ulioongea kwanza. Nilimweleza kwamba mtu mwenye hofu huhema haraka haraka, akatoa hewa ukaa kupita kiasi, na hilo peke yake huleta ganzi vidoleni na kizunguzungu. Kisha ile ganzi yenyewe inamtisha, anahema zaidi. Tukahema pamoja, kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, polepole. Aliponiona nami nahema, alicheka kidogo. Wiki ya pili nikamuuliza mashambulizi yanakuja lini. Akafikiri. Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi.

Ijumaa ndiyo siku ya marejesho.

Nikamwomba aniandikie madeni yake. Akaangalia kalamu kama nimempa kisu. Mikono ilianza kutetemeka. Nikaacha. Mezani kulikuwa na kiberiti cha kuwashia mshumaa umeme ukikatika, nikakimimina. Nikamwambia, mama, kila njiti ni elfu ishirini, nionyeshe. Alianza kuzipanga taratibu, akitaja kila mkopo: ule wa kikundi, ule wa kampuni ya mtaani yenye riba ya kila wiki, ule aliochukua kulipa ule. Hii ndiyo mikopo watu wanaiita kausha damu, na jina limetosha. Njiti 43. Shilingi 860,000, kwa mwanamke anayeuza dagaa kwa sado. Tukazitazama wote wawili. Ndipo nikamuuliza, "Hizi zote ni zako?"

Alikaa muda. Mwezi huo nilikuwa nimeanza kujifunza kukaa, basi nikakaa. Kidole chake kikaenda mezani, kikaanza kutenga. Njiti 14 zikaenda pembeni: mdogo wake wa kike, ada na kodi ya chumba. Njiti tisa nyingine: kaka yake, pikipiki iliyokamatwa. Mkopo kwa jina lake, dhamana friji yake na kitanda chake. Zikabaki 20. Akaziangalia zile 20 zilivyokaa peke yake, akalia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi ngazini. Hakuwa amewahi kuziona zikiwa chache hivyo.

Sikumwambia acha kusaidia ndugu. Nani angenielewa? Mimi mwenyewe nimesomeshwa na ndugu. Nilimuuliza tu alijifunza wapi kwamba mlango ukigongwa na mdai, ni yeye wa kwenda kuufungua. Akasema alikuwa darasa la tatu, wadai wa baba yake wakaja kung'oa bati za nyumba kule kijijini, Kwimba. Baba alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Mama aliwaambia watoto wakae ndani wasilie. Yeye ndiye alitoka nje, mtoto wa miaka tisa, akawaletea wale wanaume maji ya kunywa ili wasikasirike. Tangu siku hiyo, kila anayegonga kudai anakuja na nyundo.

Kwa hiyo tulifanya kazi tatu kwa pamoja, na sikuweza kusema hii inaishia wapi ile inaanzia wapi. Pumzi, kwa usiku wa Alhamisi. Lile wazo la "nikikosa Ijumaa moja watang'oa kila kitu", tuliliuliza ushahidi, na ushahidi ukaonyesha aliwahi kukosa mara mbili na alipigiwa kelele tu. Na yule mtoto mwenye kikombe cha maji, tulimwachia nafasi ya kuogopa, kwa mara ya kwanza. Kisha nikamsindikiza kwa mwenyekiti wa mtaa, akapangiwa upya marejesho mbele ya shahidi, na ndugu zake wawili wakaitwa kuziona njiti zao. Wapo wenzangu wanaosema hatua hiyo ya mwisho si unasihi, ni ustawi wa jamii. Nawaheshimu. Ila siamini tiba inayomfundisha mtu kuhema vizuri huku shingo yake imekabwa.

Watu wengi hawafiki kwangu kwanza. Wamepita kwa mchungaji, wamepita kwa mganga, wana chale au mafuta ya upako. Siwaombi wachague. Nauliza walichoambiwa huko, na kipi kiliwagusa. Nilijipa moyo nilipojifunza habari za Zimbabwe, ambako daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, Harare, kuwafundisha mabibi wa mtaani kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakuanza na neno sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Walianza na kufungisisa, neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi zile walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwetu neno ni "mawazo". Mtu akisema "nina mawazo", zamani nilitafsiri haraka kichwani. Siku hizi namuuliza, mawazo gani, yanakuja saa ngapi, yanakaa wapi mwilini.

Alikuwepo pia mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kupanda kivuko tangu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Baba yake alikuwa ndani. Mwili haukutambuliwa, kila mwaka walikwenda makaburi ya Igoma wasijue wasimame kwenye lipi. Alipohamishiwa Sengerema aliomba abaki, akasema sababu za kifamilia. Akienda Geita kwenye harusi au misiba alizunguka Kahama, safari ya siku nzima, ili asivuke pale Kigongo. Tulikuwa tumeanza hatua ndogo ndogo: kuangalia picha ya maji, kukaa ufukweni Capri Point, kusimama karibu na kivuko cha Kamanga akisikia honi. Hatua ya kupanda kivuko aliikataa, nami sikumsukuma. Kisha Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita zipatazo tatu juu ya maji. Alinipigia simu akiwa katikati yake. Sikusikia maneno, nilisikia upepo. Baadaye akasema, "Dada, nilishuka kwenye gari nikamwambia baba yangu habari za watoto." Hakuna kitabu kilichonifundisha kupanga hatua hiyo. Aliipanga yeye.

Yule mvuvi.

Alirudi miezi minne baadaye, mbalamwezi tena, bila kupiga simu. Amekonda. Alikaa kwenye ukingo uleule wa kiti. Nikamwambia ukweli, kwamba nafurahi amerudi, na kwamba nimefikiri nikaona safari ile niliongea sana. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mama, siku ile ulinijibu kabla sijakuuliza."

Nikamwambia, "Nakusikiliza."

Akanyamaza. Safari hii nilihisi kile kiganja cha shangazi mdomoni kwangu, nikakitambua, nikakiacha kipite. Mtaani waliita abiria wa Igoma, wakaita wa Buhongwa, wakaita wa Nyegezi. Mwanga wa dirishani ulihama kutoka kwenye goti lake hadi sakafuni. Aliongea akiwa ameinama.

"Sikuwa na malaria."

Alikuwa na mwanamke mjini. Alimwambia tajiri wa mtumbwi anaumwa, mdogo wake akachukua nafasi. Usiku dhoruba ikaja, zile za radi zinazotoka katikati ya ziwa. Hakukuwa na boya hata moja mtumbwini. Na tangu siku ya mazishi kila mtu anamwambia ugonjwa haukuwa kosa lako. Mama yake, wenzake wa kambini, mchungaji. Na mimi. Kila faraja ilikuwa inamfungia mlango kwa nje, kwa sababu ilikuwa inamfariji mtu ambaye hakuwepo.

"Nilitaka kukuuliza, mtu aliyedanganya, naye anaruhusiwa kulia?"

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Nilisema, "Umelibeba hili peke yako miezi yote hii." Mabega yake yakaanza kutikisika.

Alipotulia nilimuuliza swali lingine, lile ambalo wengi tunaliogopa. Nilimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia upweke wa kulibeba. Akaangalia mlango. Akauliza kama nitawaita polisi. Swali lake lina sababu: sheria yetu ya kanuni za adhabu, kifungu cha 217, bado inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo hata wasipojua namba ya kifungu. Nawaombea wanaotunga sheria waje waketi saa moja kwenye chumba hiki, waone jinsi hofu hiyo inavyofunga mdomo wa mtu anayehitaji kuongea kuliko wote. Nikamwambia hapana, sitaita polisi, ila hili la uhai wake sitalificha peke yangu. Tutalibeba watu zaidi ya mmoja, na tutachagua wote nani. Akasema ndiyo, amewaza, mara mbili, kambini, usiku.

Mchana ule nilifuta miadi mingine. Tulimpigia kaka wa mama yake, akaja akiwa na vumbi la kazi. Tukaenda watatu hospitali ya Bugando, kitengo cha afya ya akili, nikakaa naye kwenye benchi mpaka alipoitwa. Alianza dawa za sonona, na kwangu akaendelea kuja. Mwezi uliofuata hakurudi kambini. Mjomba alimpa kazi ya kupakia magunia ya dagaa Mwaloni, mahali penye watu mchana kutwa.

Haikuwa safari ya kunyooka. Kuna siku alikuja akiwa amelewa, nikamwambia tutaonana kesho, na kesho yake akaja. Kuna siku alikasirika na mdogo wake aliyekufa, akamtukana kwa kukubali kirahisi kukaa kwenye nafasi ile, kisha akajishika mdomo. Nilimwambia aendelee. Baada ya miezi kadhaa alikwenda kwa mama yake, akamweleza habari ya malaria ambayo haikuwepo. Sikumshauri aende. Alinieleza kwamba mama alikaa kimya, akainuka, akaenda jikoni, na yeye akajua ndiyo mwisho. Mama akarudi na sahani ya ugali na sato, akaiweka mbele yake, akakaa chini karibu yake. Hawakuongea. Alikula yote.

Sasa amerudi ziwani, kwa tajiri mwingine ambaye mtumbwi wake una maboya. Aliyahesabu kabla ya kukubali kazi. Ukutani kwangu nimetundika kalenda yenye alama za mwezi, mwandamo na mpevu, na miadi ya watu wa kambini naipanga kwa hiyo. Jina lake liko kwenye Jumamosi ya mpevu unaokuja, saa nne asubuhi. Juzi alituma ujumbe kutoka kisiwa cha Kome: giza zuri, mama, dagaa wapo, nikija nina jambo la kukuuliza.